vazi la kuzamia

nm [li-/ya-], wingi: mavazi ya kuzamia. Vazi la mpira laini wenye viputo vya gesi, libanalo mwili, livaliwalo na mzamiaji ili asipoteze joto haraka akiwa majini. Pia: vazi la kupigia mbizi.

Jina la Kiingereza la vazi hili hutaja ulowevu, nalo huweza kumponza mfasiri. Akiandika ‘suti iliyolowa’, msomaji atafikiria nguo zilizonyeshewa. Akiandika ‘vazi lisilopitisha maji’, kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa sentensi inasomeka vizuri. Maji huingia. Machache hunaswa kati ya ngozi na mpira, mwili huyapasha joto, na viputo vilivyomo katika mpira huzuia joto hilo lisipotee. Ndiyo maana vazi sharti libane: likipwaya, maji ya baridi hupita humo bila kukoma. Lile lizuialo maji kabisa ni jingine, vazi kavu la kuzamia, ambalo ndani yake huvaliwa nguo za joto. Katika mwongozo wa usalama, mawili hayo yasichanganywe.

Vazi lahitajika hata katika maji yasiyo baridi, kwani maji huondoa joto mwilini kwa kasi ipatayo mara 25 ya hewa. Mwanafunzi wa Mugumu, wilayani Serengeti, yuko mbali na bahari, lakini Ziwa Victoria limo katika mkoa wake wa Mara. Maji ya ziwa hilo, yenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi, humtetemesha mtu akaaye humo kwa saa nyingi.

Ziwa hilohilo latufunza tofauti ya zama na zamia. Kivuko cha MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Wazamiaji walizamia kuwatafuta watu, na siku mbili baadaye wakamtoa mhandisi mmoja akiwa hai. Kuzama humpata mtu au chombo, kuzamia hukusudiwa.

Tahadhari: mzamiaji ni pia asafiriye melini kwa kujificha, na mitaani mtu huzamia harusi asiyoalikwa. ‘Nguo za mzamiaji’ zaweza basi kuwa kanzu safi ya mgeni asiye na kadi. Muktadha usipotosha, andika vazi la kupigia mbizi.

Tazama pia: mbizi, zama, zamia.