Jinsi ya kuandaa majaribio ya programu inayothibitisha watumiaji: mfano wa Keystone

Unapoingia kwenye akaunti yako kwa simu, kuna programu huko nyuma inayoiuliza seva: huyu ni nani, na anaruhusiwa kufanya nini? Programu hiyo ikikosea, ama mwenye haki anafungiwa nje, ama mgeni anaingia ndani. Kosa la pili ndilo baya zaidi, maana hakuna atakayelalamika.

Dawa yake ni majaribio. Tuchukue Keystone, huduma ya utambulisho ya OpenStack, mradi ulioanzishwa mwaka 2010 na Rackspace na NASA. Programu za Python huzungumza nayo kupitia maktaba huria iitwayo python-keystoneclient.

1. Andaa mazingira

Unahitaji Python 3 na Git. Kisha andika:

pip install tox
git clone https://opendev.org/openstack/python-keystoneclient
cd python-keystoneclient
tox -e py3

Tox inatengeneza mazingira yake pembeni, inaweka vinavyohitajika, halafu inaendesha majaribio. Kompyuta yako haichafuki. Ukitaka faili moja tu:

tox -e py3 -- keystoneclient.tests.unit.v3.test_users

2. Usiguse seva ya kweli

Hapa kazi inafanywa na requests-mock. Inakamata ombi kabla halijatoka na kurudisha jibu ulilolipanga mwenyewe. Hata intaneti ikikatika, majaribio yanaendelea. Programu ikiita anwani ambayo hukuisajili, jaribio linafeli palepale.

Tokeni ya kuigiza utaipata kwa keystoneauth1.fixture.V3Token. Paswedi yako halisi usiiandike humo hata kwa dakika moja. Ikishaingia kwenye Git, kufuta mstari peke yake hakutoshi, kwani historia inabaki nayo.

3. Jaribu kukataliwa pia

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanajaribu mlango unavyofunguka, wanasahau kujaribu kama unafungika. Angalau pima haya manne:

• Paswedi sahihi: ombi la POST linakwenda /v3/auth/tokens, jibu ni 201. Tokeni inakuja kwenye heda ya X-Subject-Token, usiitafute ndani ya mwili wa jibu.

• Paswedi mbaya: jibu ni 401. Programu itoe kosa la Unauthorized, isinyamaze.

• Hana ruhusa: jibu ni 403. Kwa lugha rahisi, 401 ni "sijakutambua", 403 ni "nakujua, ila hapa hupiti".

• Tokeni inayokaribia kuisha: keystoneauth huomba mpya ikibaki chini ya sekunde 120. Tengeneza tokeni ya namna hiyo, kisha hesabu maombi kwa call_count uone kama kweli imeombwa nyingine.

Ukimaliza, haribu msimbo kwa makusudi. Kwa mfano, ifanye programu ipuuze 401. Majaribio yakiendelea kupita, basi hayapimi kitu. Yaandike upya.

4. Malizia na Keystone halisi

Seva ya kuigiza inasema ulichoiambia tu. Wewe ukielewa vibaya, nayo inakosea pamoja nawe, na majaribio yote yanapita vizuri kabisa. Kwa hiyo weka Keystone ya majaribio kwa kutumia DevStack, kisha endesha:

tox -e functional

Onyo: kamwe usielekeze majaribio haya kwenye seva inayotumiwa na wateja. Yanaunda na kufuta watumiaji na miradi. Kabla ya kubonyeza, soma tena anwani uliyoweka. DevStack nayo iweke kwenye mashine ya kujaribia peke yake, maana inabadilisha mambo mengi kwenye mfumo.

Majaribio ya hatua ya pili na ya tatu yaendeshe kila unapobadilisha msimbo. Ya hatua ya nne yasikose kabla ya kutoa toleo jipya.