Sandarusi, Deheni na Kopo la Nta

Ami yangu aliosha Datsun yake kila Ijumaa asubuhi, Shela, Malindi, na bado gari ile ikaliwa na kutu mbele ya macho yake. Alitumia alichokuwa nacho: maji ya kisima, sabuni ya unga ya kufulia, kipande cha shuka kuukuu. Ikikauka, anapaka mafuta ya nazi kwenye bampa mpaka ing'are. Mwisho sakafu ya upande wa dereva ikatoboka, ukikanyaga breki unaiona lami chini ya miguu. Siku waliyokuja watu wa vyuma chakavu kuivuta, ami alibaki ndani. Sisi watoto ndio tuliotoka kuitazama ikipinda kona.

Nimemkumbuka juzi, nimesimama dukani mbele ya rafu imejaa shampuu, polishi na nta, sijui nichukue ipi. Kopo moja limeandikwa kwamba nta yake ni ya kanauba, mnazi-mnazi fulani wa Brazil ambao majani yake hukwanguliwa unga wa nta. Bei yake, wee! Na hapo ndipo nilipocheka peke yangu, maana kuna wakati biashara hii ilikwenda upande wa pili. Mng'aro wa magari ya wenzetu ulichimbwa huku kwetu.

Ulichimbwa kweli, kwa jembe. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, Hymenaea verrucosa kwa jina la wataalamu. Ukitaka kuuona, ingia Arabuko-Sokoke, umo kwenye ule msitu mchanganyiko pamoja na mbambakofi. Utomvu mbichi haukuwa na bei kubwa. Uliotakiwa ni ule uliokaa ardhini miaka na miaka, mti wenyewe umeshakufa na kusahaulika, utomvu umekuwa mgumu kama jiwe na ngozi yake ina vipele kama bata aliyenyonyolewa. Mwingi ulitoka Mrima, pwani inayoitazama Unguja. Richard Burton aliyepita huku 1857 aliandika habari zake kwa urefu, na mwishoni mwa miaka ya 1860 John Kirk, akiwa Unguja, akaonyesha kwamba utomvu wa ardhini na wa mtini ni wa mti mmoja.

Mnunuzi mkubwa alikuwa Mmarekani. Mkataba kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini 1833, na 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafungua ofisi Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba, kile ambacho hadi leo bibi zetu wanakiita merikani, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Kule Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple, kazi yake kuiosha tu. Waliichovya katika maji ya magadi ili udongo wa Afrika uachane nayo, kisha wakaipiga brashi. Baadaye, 1861, Marekani ilipoongeza ushuru, kazi ya kuosha ikahamia Unguja. Sandarusi safi iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Vanishi hiyo ilipakwa mabehewa ya farasi, na magari ya kwanza kabisa yalipokuja yalipakwa na mafundi walewale, kwa mtindo uleule, tabaka juu ya tabaka, wiki kadhaa gari moja.

Majina ya manahodha wa Salem na wenye maduka yamehifadhiwa vizuri. Ya wachimbaji, hakuna. Yupo mtu aliyeinama juani na jembe ili tajiri wa Boston ajione uso kwenye mlango wa gari lake, na huyo hatumjui.

Kwani sisi wenyewe hatukuwa na vipodozi vya vyombo? Tulikuwa navyo, ila vyetu havikuwa vya urembo. Jahazi likipwelewa ufukweni, chini yake lilichomwa kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, likakalafatiwa, kisha likapakwa deheni, yaani chokaa na shahamu. Juu ya mkondo wa maji, mbao zilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Harufu yake usiulize. Lakini ami, mtoto wa baharia, aliyajua yote haya, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa gari nalo ni chombo na Malindi nayo ni bahari hata ukiwa barabarani. Gongoni na Marereni, hapo kaskazini, chumvi inavunwa kwa jua na upepo tu. Upepo huohuo unapita juu ya boneti.

Huko nje mambo yalibadilika 1923, DuPont walipoleta rangi ya Duco, na magari ya Oakland ya General Motors yakawa ya kwanza kuipata. Kukauka kukawa suala la saa, si wiki. Sandarusi ikaanza kukosa kazi. Lakini rangi mpya ilifubaa upesi, ikabidi isuguliwe na kupakwa nta, na hapo ndipo biashara ya makopo ikanoga. Magari ya sasa yana tabaka angavu juu ya rangi, jembamba sana, na polishi kazi yake ni kulikwangua kidogo ili mikwaruzo isionekane. Ukiipiga kila wiki unalimaliza. Nta haikwangui, inafunika. Watu wengi hapa mjini wanazichanganya hizi mbili, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha.

Basi nilinunua shampuu ya gari, kwa sababu sabuni ya unga inaondoa nta pamoja na uchafu, na kopo dogo la nta. Polishi nikaiacha. Maji nikachota ya bomba, ya Baricho, maana kisima chetu kina chumvi na ukiosha nayo unairudishia gari kile ulichotaka kukitoa. Nikamwagia kwanza mchanga utoke, nikaanza na chini, kwenye matao ya magurudumu, ambako ami hakuwahi kufika na shuka lake.

Alikuwa ameketi barazani na kikombe cha kahawa, miaka themanini na ushei.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mbona waanzia chini?"

Nikamwambia kutu huanzia huko.

Akanyamaza kidogo. "Kama jahazi," akasema, akaomba aletewe kiti karibu aone.