Sri Lanka 2009: Vita Viliisha, Kambi Ikabaki

Leo twende Sri Lanka, kisiwa kilicho kusini mwa India. Tarehe 2 Januari 2009 jeshi liliuteka mji wa Kilinochchi, ngome ya waasi wa Tamil Tigers. Mwezi Mei serikali ikatangaza ushindi, vita vya miaka 26 vikaisha, na watu wa Colombo wakacheza barabarani. Lakini Watamil zaidi ya 250,000 waliokimbia mapigano hawakurudi makwao. Wengi waliwekwa Menik Farm, kambi yenye uzio wa seng'enge na askari getini. Ruhusa ya kutoka, hiyo unayoijua wewe, ilianza tarehe 1 Desemba. Wa mwisho waliondoka Septemba 2012, na baadhi yao walipelekwa kwingine, kwa sababu vijiji vyao vilikuwa bado vimekaliwa na jeshi.