Kutoka Reli Hadi Kamukunji

Nilianzia stesheni ya reli ya Nairobi asubuhi, nikafuata barabara ya Haile Selassie, kisha ya Landhies, nikaipita Muthurwa na stendi ya mabasi ya Machakos. Kamukunji, kwa mafundi wa bati, huisikia kwanza, ndipo uione: mamia ya nyundo juu ya bati.

Ujuzi wenyewe wa kufua bati ulitoka huko huko relini. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mafundi wa Kihindi wakaja nayo. Katika karakana zao vijana wa Kiafrika waliajiriwa kama vibarua, wakishika koleo huku macho yakijifunza. Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977, The African Artisan, ameeleza jinsi walivyotoka na kujitegemea. Mtaji ulikuwa mikono, karakana ikawa uwanja mtupu chini ya jua. Hapo ndipo lilipotoka jina jua kali.

Nilisimama kwa fundi mmoja. Fuawe yake ni kipande cha reli kilichochimbiwa ardhini. Alikata bati la pipa kuukuu, akalikunja ukingo kwa mapigo mafupi mafupi, likawa karai. Kando yake kijana anayefundishwa kazi alikuwa akinyoosha bati la pili.

Kwa miaka mingi watu hawa walihesabiwa wazururaji, wakavunjiwa vibanda. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ikasema wazi kwamba ni wazalishaji, na kwamba ubomoaji ukome. Rais Moi alifika Kamukunji mwaka 1985, na mabanda yakajengwa. Leo, ukiacha kilimo cha wakulima wadogo, zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta isiyo rasmi.

Hesabu hiyo inanipa fahari, na inaniuma. Ajira zimeongezeka kwa mafundi kuzaa mafundi, si kwa karakana kukua. Nani atanunua mashine ya kukunja bati aisimike mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Benki nayo hudai dhamana, na fundi hana hati ya hapo alipoketi. Kwa hiyo yule kijana akihitimu hatakuwa msimamizi wa watu 20. Atatafuta nafasi ya futi chache, agonge karai lile lile, agombanie mteja na mwalimu wake.

Mikopo ya vijana na semina za biashara zina faida yake. Lakini wenye mamlaka, anzeni na ardhi: mpeni fundi hati ya mahali anapofulia bati.