Chaki Itatosha

Karibu na mwaka 1550, Catherine de' Medici, malkia wa Ufaransa, aliwaandikia walezi wa wanawe akitaka picha za watoto wote. Watoto walilelewa mbali naye, na mama mwenye uchungu wa wanawe alitaka kuona nyuso, si kusomewa habari tu. Picha za rangi zingechelewa. Alitosheka na chaki, mradi kazi iishe upesi.

Agizo hilo la mama linafumbua namna picha za wakubwa wa Ufaransa zilivyotengenezwa katika karne ya 16. Anayeingia makumbusho ya Louvre humkuta Mfalme François I, kazi ya Jean Clouet ya karibu na mwaka 1530, mabega yake ya hariri yakikaribia kupasua fremu. Ni rahisi kudhani kwamba mfalme alikaa kitini siku nenda siku rudi huku mchoraji akipaka rangi. Thubutu! Wakubwa hawakuwa na subira hiyo. Clouet alikwenda na karatasi, chaki nyeusi na chaki nyekundu. Aliushika uso kwa makini: kope, pembe ya mdomo, wekundu wa shavu. Nguo alizigusia kwa mistari michache. Kisha alirudi na karatasi yake karakanani, na huko, bila mfalme, ubao ukapakwa rangi.

Kwa maneno mengine, ubao tunaouita picha ya asili tayari ulikuwa nakala. Asili ilikuwa karatasi.

Na karatasi moja haikuishia kwenye ubao mmoja. Jean alipofariki, karibu na mwaka 1541, mwanawe François Clouet alirithi kazi ya kuichora familia ya kifalme. Mwaka 1570 binti wa kifalme wa Austria, Elisabeth, aliolewa na Mfalme Charles IX, mwana wa Catherine. Mwaka uliofuata Clouet akamchora. Karatasi yenyewe iko Maktaba ya Taifa jijini Paris. Ubao wenye lulu na vito vyote unaning'inia Louvre, na mwingine uko Chantilly, kaskazini mwa Paris. Kwangu mimi karatasi inazishinda mbao zote mbili. Kwenye rangi bibi harusi amekuwa duka la sonara; kwenye chaki bado ni msichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba aliyefika nchi ya ugenini.

Nakala zilihitajika kwa sababu picha ilikuwa na kazi nyingi. Ilitangulia posa, ikapelekwa kwa mfalme jirani ambaye hajamwona mchumba. Ilitumwa kwa ndugu, ikapewa rafiki kama zawadi, ikatundikwa ukutani ili wageni wajue mwenye nyumba yuko upande wa nani. Catherine mwenyewe alikuwa mgonjwa wa picha. Alipofariki mwaka 1589 na mali zake za Paris zikaorodheshwa, picha za watu pekee zilizidi 300.

Mjini Lyon kulikuwa na fundi mwingine, Corneille, mzaliwa wa The Hague. Vibao vyake ni vidogo, vingi havizidi sana kiganja cha mtu mzima, na nyuma ya kichwa mara nyingi kuna rangi ya kijani. Brantôme, mwandishi aliyeyajua mambo ya ndani ya kasri, anasimulia kwamba Catherine alimtembelea fundi huyo na kukuta chumba kizima cha wakubwa wa Ufaransa. Mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe, pamoja na binti zake, katika mavazi ya miaka iliyopita. Malkia, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa nguo nyeusi, alifurahi kuonana na ujana wake. Hapa nami najiuliza: kama picha ya malkia ilibaki kwa fundi, ilikuwa ikingoja nini kama si mteja wa nakala?

Michoro ya chaki nayo ilinakiliwa na kujazwa katika albamu zilizozunguka miongoni mwa makabaila, nyingine zikiwa na maneno ya utani chini ya nyuso. Kila mkono ulipunguza kitu. Pua ilinyooka, jicho likalala, na jina likahamia kwa mtu mwingine.

Hamu ya kukusanya nyuso haikufa na familia ya Catherine. Katika kasri la Beauregard, karibu na Blois, mwenye kasri Paul Ardier alianza mwaka 1617 kupanga ukumbi wa picha 327, kuanzia Mfalme Philippe VI, aliyetawala tangu 1328. Wachoraji wake hawakuwahi kuwaona wengi wa watu hao, walinakili nakala. Mwaka 1837 Mfalme Louis-Philippe alifungua makumbusho ya historia ndani ya Versailles, naye, pale sura ilipokosekana, aliwalipa wachoraji wainakili kutoka picha za kwingine.

Leo anayetaka kunakili ndani ya Louvre huomba kibali. Nakala sharti iwe kubwa au ndogo kuliko picha yenyewe kwa angalau moja ya tano, na sahihi ya mchoraji wa kwanza hairuhusiwi kuigwa. Corneille angecheka sana.

Karatasi za chaki alizokusanya Catherine alizirithi mjukuu wake, Christine wa Lorraine, aliyeolewa Florence. Baadaye zikauzwa Uingereza, na mwishoni mwa karne ya 19 Duke wa Aumale akazinunua zaidi ya 300 na kuzirudisha Ufaransa, kwenye kasri lake la Chantilly. Ziko huko hadi sasa, na baadhi ya majina yaliyoandikwa juu yake husemekana kuwa ya mkono wa malkia. Lakini mwanga huila karatasi, kwa hiyo hutolewa chache chache, kwa muda, kisha hurudishwa gizani. Ukutani hubaki mbao.