Kuhamia mjini: Usalama wa wapenzi wa jinsia moja hauko katika jina la mtaa

KIJANA anayetoka Wete, Chake Chake au Mkoani kwenda Dar es Salaam hutafuta chumba kupitia ndugu au dalali. Kwa anayependa watu wa jinsia yake, uamuzi huo ni mzito zaidi.

Sheria haibadiliki kwa mtaa. Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka adhabu ya miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Zanzibar nayo inakataza kwa sheria yake. Mwaka 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka, ingawa Serikali ilisema hayo ni maoni yake binafsi.

Nairobi, Mahakama Kuu ilibakiza katazo mwaka 2019. Cape Town ni tofauti: De Waterkant hujulikana kwa kuwapokea, na Afrika Kusini iliruhusu ndoa zao mwaka 2006.

Kwetu, basi, huchaguliwa nyumba kuliko mtaa. Chumba cha uani, chenye choo cha pamoja, ni nafuu lakini hakina siri. Chenye mlango na choo chake ni ghali, ila humpunguzia mpangaji macho ya majirani.