Mdudu Asiye na Jina Hana Dawa

Mkulima wa Kwale au Malindi akiona papai lake limevaa unga mweupe, neno la kwanza atakalotamka ni "ugonjwa". Kumbe ni mdudu. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo huamua kama atapata msaada wa kweli au atamaliza pesa zake kwa dawa isiyofaa.

Wadudu ninaowazungumzia ni wafyonzaji wa mimea. Hawatafuni majani kama nzige. Wana mrija mdomoni, huuchoma kwenye chipukizi au tunda changa wakanywa maji yake. Wataalamu wamewaweka katika kundi moja kubwa liitwalo Hemiptera, lenye familia nyingi. Familia moja tu, Miridae, ina spishi zaidi ya 11,000 duniani. Humo yumo Helopeltis, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita mbu wa mikorosho. Mtambue kwa kijiti kilichosimama mgongoni mfano wa pini yenye kichwa. Anapochoma huacha doa jeusi, na chipukizi hukauka.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Spishi mpya kwa sayansi ni ile ambayo haijapewa jina popote. Spishi mpya nchini ina jina lake tayari kwengine, ila hapa kwetu haikuwa imeandikwa. Kuiandika kuna utaratibu. Mdudu hukamatwa, akahifadhiwe kwa pini, au ndani ya spiriti akiwa laini, na kuwekewe kikaratasi chenye mahali, tarehe, mmea aliokutwa nao na jina la aliyemkamata. Kisha hulinganishwa kwa darubini na vielelezo vya makumbusho, na matokeo yakachapishwa. Bila kikaratasi kile, mdudu yule hana ushahidi wowote.

Faida yake ni nini? Tuanze na Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alichunguza mbona vidaka vya minazi vinapukutika. Alipochapisha kazi yake mwaka 1953, mdudu mwenyewe alijulikana kwa jina la ukoo tu, Theraptus. Mwaka 1955 akapewa jina kamili, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Utafiti ule ulionyesha kuwa mnazi wenye majimoto, wale chungu wekundu washonao majani, husalimika kwa sababu wao humfukuza mfyonzaji huyo. Kila mkwezi aujua ukali wa majimoto, lakini si wengi wajuao kwamba ni walinzi wa nazi zetu. Mdudu huyo yuko Pwani ya Kenya pia, kwenye minazi na mikorosho.

Sasa turudi kwa ule unga mweupe wa papai. Mdudu wake ni Paracoccus marginatus, asili yake Mexico na Amerika ya Kati, aliyepewa jina mwaka 1992. Kenya aliripotiwa mwaka 2016, hapa hapa Pwani. Jina lilipothibitishwa, maarifa ya nchi nyengine yakawa yetu. Ghana na India zilikuwa tayari zimemtumia adui yake, nyigu mdogo sana aitwaye Acerophagus papayae, ambaye hutaga mayai ndani ya mdudu huyo akamuua. Mwaka 2021 nyigu hao walianza kuachiliwa katika mashamba ya Pwani. Tungebaki na neno "ugonjwa", nani angejua amlete nyigu yupi?

Rai yangu ni hii. Mkusanyo wa wadudu wa taifa uko Makumbusho ya Nairobi, na ni vyema uwepo. Lakini wageni hawa huingilia kwetu kwenye bandari na mipaka, na mashamba yanayoumia ni yetu. Kaunti za Pwani na vyuo vyetu viwe na mkusanyo wao, na majina ya Kimijikenda na Kiswahili yaandikwe kando ya yale ya Kilatini.

Nawe msomaji, ukikuta mdudu usiyemjua, usikimbilie kupuliza dawa. Mtie ndani ya kichupa chenye spiriti, andika mahali, tarehe na mmea, umpelekee afisa wa kilimo. Huenda kichupa hicho kikawa ndio mwanzo wa jina, na jina ndio mwanzo wa tiba.